Ushindi wa Eliudi juu ya Bingwa wa Chumbageni

Baraza la sataranji la Chumbageni lilikuwa na sharti moja ambalo Eliudi hakulivunja hata siku moja: anayeinuka kabla mchezo haujaisha, ameshindwa. Kwa miaka mingi alicheza na Hasnain Velji, bingwa ambaye wachezaji wa Mombasa na Nairobi walipanda basi kuja kufungwa naye, na kwa miaka yote hiyo hakumfunga hata mara moja. Sharti lilikuwa kitu pekee mezani pale alichokuwa na hakika nacho.

Eliudi alikuwa karani mstaafu wa shamba la mkonge, Mlutheri, mkazi wa Nguvumali, mtu asiyelewa wala kugombana na jirani. Kila asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi, akaenda kukaa mbele ya duka la vitambaa la Hasnain. Wanabaraza walimwita Makamu, yaani makamu wa bingwa.

"Makamu, jana ulisali?" Jumbe, muuza kahawa, alimuuliza.

"Nilisali."

"Basi haikufika. Bingwa kaamka mzima."

Siku aliyokufa, Hasnain alicheza ovyo. Alimpoteza malkia wake kama mtu aliyedondosha leso njiani. Alitoka jasho kivulini. Mkewe, Sakinabai, alimletea chupa ya chai ya tangawizi kama kawaida, akarudi ndani kwa wateja. Wengine walikuwa wamekwenda kuswali adhuhuri. Hasnain alisema leo ataswali dukani. Wakabaki wawili.

"Bwana Eliudi, kifua kinanibana," alisema. "Tuache hapa. Tutamalizia jioni."

"Ukiinuka umeshindwa, Velji. Sharti umeliweka mwenyewe."

Hasnain alicheka kidogo, akabaki. Bingwa naye alikuwa na kiburi chake. Alisogeza ngome, akalaza kichwa juu ya ubao, na hakukiinua tena.

Daktari alisema ni moyo. Baraza lilikataa. Moyo ni ugonjwa wa watu wa kawaida, na bingwa hafi kama mpiga chapa wa halmashauri. Sauti zikarushwa kwenye makundi ya simu: Wakenya wamelipiza kisasi, kuna jini limetumwa kutoka Moa, kuna sumu. Watu waliowazika baba zao wenyewe kabla ya alasiri waliona ni jambo la kutia shaka kwamba Hasnain alizikwa siku ileile. "Haraka yote ya nini?" waliulizana, udongo wa kaburi ukiwa bado kwenye viatu vyao.

Shahidi alikuwa mmoja tu.

"Alikuwa mzima?" walimuuliza.

"Mzima kabisa," Eliudi alijibu.

Ilimbidi. Kumbana bingwa aliye mzima ni ushindi. Kumbana mgonjwa ni kumbana mgonjwa. Hakumtuhumu mtu, na hakuhitaji. Kama marehemu alikuwa mzima, na kitu cha mwisho kupita kinywani mwake ni chai, baraza lilijua kujumlisha. Wateja wakaanza kununua vitambaa duka la pili. Waliokuja kumpa pole Sakinabai walikaa ukingoni mwa kiti na kukataa hata maji.

Nyumbani, Eliudi alimsimulia mkewe, Praxeda, mchezo ule kwa mara nyingine, akipanga vizibo vya soda mezani.

"Hapa ndipo aliposema kifua kinambana, anataka kuinuka. Ujanja wa bingwa huo. Nikamshika na sharti."

Praxeda aliacha kuchambua mchele. "Baba Zabron, alisema kifua?"

"Sikiliza mchezo, mama."

"Na yule mama wa watu anaitwa muuaji?"

"Sikumwita mimi."

Jumapili, Praxeda alitoka kanisani moja kwa moja hadi Chumbageni, bado amevaa sare ya kwaya. Wanabaraza wote walikuwepo, Eliudi kati yao, na Sakinabai alikuwa mlangoni mwa duka lisilo na mteja.

"Mume wangu ana neno la kukuambia, mama," Praxeda alimwambia.

Sakinabai akamgeukia Eliudi. "Alilalamika chochote, bwana Eliudi?"

Eliudi aliutazama ubao. Neno moja lingemrudishia mjane jina lake, na lingemwondolea yeye ushindi pekee aliowahi kuukaribia.

"Alikuwa mzima," alisema.

Basi Praxeda akasema yeye: kifua, ombi la kuinuka, sharti, mpaka vizibo vya soda. Eliudi hakumkanusha. Kwa kitambo ilionekana kama watu wanatafuta maneno ya kuomba radhi. Kisha Jumbe akakohoa.

"Kama aliomba kuinuka," alisema, "basi alikubali kushindwa. Makamu kamfunga."

"Aliomba, hakuinuka," mwingine akapinga.

"Alikufa."

"Kufa si kuinuka."

Walibishana mpaka kahawa ikapoa, na hakuna aliyemtazama Sakinabai. Aliingia ndani, akavuta mlango. Mwishoni baraza liliamua kwamba mchezo ule ulikuwa sare.

Sakinabai aliuza vitambaa vilivyobaki kwa hasara, akahamia Mombasa kwa binti yake, Inara. Praxeda bado anampikia mumewe, lakini hasemi naye. Hasnain angeweza kufikishwa hospitali akiwa hai. Sare ile ilimgharimu yeye uhai wake, na ilimgharimu mjane wake duka, majirani na mji aliozaliwa.