Ng'ombe Mweusi wa Kujaza Bwawa

Baba yangu alikuwa na mdomo mchafu, na watu walimvumilia kwa sababu alikuwa na mashine ya kusaga. Kabla nguzo za umeme hazijafika kwetu Somanda, ilikuwa ya dizeli, aliyoinunua ushirika ulipokufa na mali zake zikauzwa kwa yeyote mwenye ng'ombe wa kutosha. Ilikohoa, ilitoa moshi, lakini ilisaga. Umeme ulipokuja akaiuza injini kwa mtu wa Nassa, akanunua mota, na tangu siku hiyo hakuna aliyepona ulimi wake. Mwanamke aliyeleta mahindi yenye unyevu alirudishwa mbele ya foleni nzima. "Mayu, nenda kawasagie kuku kwa jiwe." Mayu kwa Kisukuma ni mama, neno la heshima, ila kinywani mwake lilikuwa tusi. Mimi ndiye niliyekuwa namimina mahindi mashineni. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nangoja posa, na nilicheka pamoja naye.

Ilikuwa miaka ya soko huria, na Simiyu bado haikuwa mkoa. Wanunuzi wa pamba walikuja na malori kutoka kila upande, kila mmoja akijiita tajiri. Kisha ukaja mgao. Redio ilisema maji ya bwawa yameshuka, basi siku tatu giza, siku moja umeme, tena kwa saa wazipendazo wao. Kiwanda cha kuchambua pamba kikasimama. Wanunuzi wakasema subirini, na pamba ikarundikwa nje, kwenye nyua za watu na kwenye uwanja wa kituo cha ununuzi. Baba aliiacha swichi ya mota imewashwa muda wote, ili umeme ukirudi mashine ingurume yenyewe. Iliponguruma, wanawake walitoka mbio na ndoo kichwani.

Fundi wa umeme alipopita kusoma mita, baba alimuuliza ni nani anayetufungia.

"Mzee, umeme wetu ni maji," fundi akasema. "Mvua isiponyesha kule bwawani, huku hamsagi."

Baba alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba maziwa yanatoka kwenye pembe. Lakini alipoelewa, alielewa kwa namna ya kwetu. Ikiwa umeme ni maji, na maji ni mvua, basi mvua ina wenyewe. Watu wa kwetu wakikosa mvua hawamwendei mtu mwenye bisibisi. Wanapeleka ng'ombe mweusi kwa mtu wa mvua.

Ng'ombe mweusi zizini alikuwa mmoja tu, naye alikuwa wa mama. Kaka yake alimpa siku walipogawana mahari ya mdogo wao, na ndicho kitu pekee katika boma lile ambacho mama aliweza kukiita changu. Baba hakumuomba. Alimfungua asubuhi mama akiwa kisimani, akanipa fimbo, tukamswaga hadi Mkula, siku mbili njiani.

Tulimkuta mtu wa mvua anashona kandambili za tairi.

"Bwawa lenyewe liko wapi?" akauliza.

Baba akanyoosha mkono kusini.

"Kwa nani huko?"

"Kwa Wagogo."

"Mvua ya Wagogo ina Wagogo wake. Mimi natengeneza ya hapa."

Baba akasema hakumswaga ng'ombe siku mbili ili arudi naye. Mzee akamtazama ng'ombe, na ng'ombe alikuwa amenona. "Basi nitajaribu kuisukuma iende huko," akasema.

Tuliporudi mama alikuwa amesimama mlangoni pa zizi. Hakupiga kelele. Alituuliza kama tumekula, akaenda kuosha vyombo, na siku ile nilimchukia baba kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Kesho yake nikiwa kisimani niliwasimulia wanawake habari yote, hadi kandambili za tairi. Nilitaka achekwe, basi. Walicheka mpaka maji yakamwagika, na kufika jioni watu walikuwa wanamwamkia baba kwa kumuuliza kama bwawa limejaa. Yeye akamgeuzia mama lawama. Siri ile tuliijua watu watatu, na katika hao watatu aliyeibiwa ni mmoja.

Siku ya tano mvua ikanyesha, katikati ya kiangazi, kutwa nzima, juu ya pamba ya kila mtu. Maji yalitoka chini ya marundo yakiwa ya njano. Wanunuzi walikuja, wakaichambua kwa vidole viwili, wakasema hii hata fifi, pamba ya daraja la chini, imeizidi. Walipanda malori yao wakaondoka, na kazi ya mwaka mzima ikabaki inanuka uwanjani.

Sungusungu, walinzi wa kijiji, waliita mkutano hapohapo. Wakamuuliza baba kama ni kweli alipeleka ng'ombe. Angeweza kukana, lakini kiburi hakikumruhusu.

"Nilipeleka," akasema. "Lakini mimi niliagiza mvua ya bwawani. Hii yenu siijui."

Mwanamke mmoja mzee akasimama. "Huyu ndiye aliyeniambia nikawasagie kuku," akasema, na akakaa. Sidhani kama kesi ilihitaji ushahidi zaidi.

Tukatengwa. Hakuna kutusalimia, hakuna kusaga kwetu, hakuna kutugawia moto, hakuna kutuzika. Mwangaluka, salamu ya asubuhi ambayo kwetu hata mwizi huipata, sisi hatukuipata. Lakini kilichotuumiza ni moto. Kwetu moto ulikuwa haununuliwi. Mwanamke alikwenda kwa jirani na kigae cha chungu, akarudi na makaa mawili matatu. Sasa kila kigae tulichokipeleka kilirudi kitupu. Mwenye duka, mtu wa kuja, aliogopa kupoteza wateja, akatuambia viberiti vimekwisha huku tunaliona boksi nyuma ya bega lake.

Basi mama akawa mlinzi wa moto. Miti kwetu hakuna, alichochea mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wake unakaa kifuani. Alilala kando ya mafiga ili usizime. Mota yenye bwawa zima nyuma yake ilikuwa imenyamaza kule kibandani, naye alikuwa anapuliza kinyesi ili tule.

Baba hakusema naye. Kijiji kilimtenga yeye, naye akamtenga mama ndani ya nyumba ileile. "Mwambie mama yako alete maji," aliniambia, mama akiwa hatua mbili kutoka hapo. Nilikuwa nayachukua maneno yake nayapeleka, na kila asubuhi nilijiapia kwamba leo namwambia ni mimi. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi la kuweka hapo.

Mwezi wa nne wa kutengwa mama alianza kutema damu. Hakuna aliyetuazima mkokoteni, tukampeleka hospitali kwa baiskeli, baba anasukuma, mimi nimemshikilia kwa nyuma. Walimpokea vizuri, ila alikuwa amechelewa. Siku ya tatu, baba alipotoka nje, mama akanishika mkono.

"Ni wewe uliyesema kisimani," akasema.

"Ndiyo, mayu."

"Nilijua siku ileile. Nyamaza hivyohivyo. Mimi nakwenda. Wewe utabaki naye."

Kwetu mwanamke hachimbi kaburi. Nilichimba, kwa sababu tulikuwa wawili tu. Majirani walisimama kwenye nyua zao wakitutazama, na baadhi ya wanawake walikuwa wanalia, lakini hakuna aliyevuka. Kaburi lilikuwa limenifika kiunoni umeme uliporudi. Mota ikanguruma kibandani, peke yake. Mwanamke mmoja alikwishatoka nje na ndoo ya mahindi kichwani, kwa mazoea. Akakumbuka, akasimama, akarudi ndani.

Baba aliweka jembe chini, akaenda. Nilidhani anakwenda kuzima. Alisaga debe letu la mwisho, unga wa ugali wa msiba ambao hakuna mtu angekuja kuula, na akarudi mweupe hadi nyusi. Akasimama mbele ya mama aliyefungwa kwenye shuka. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu mvua ile.

"Ungefunga mdomo," akamwambia, "tusingefika hapa."

Nilikuwa shimoni, jembe mkononi, nusu hatua kutoka miguuni pake. Nikaendelea kuchimba.