Matanga ya Baba Tusiyemjua

Ipo siku naikumbuka, mwanangu, hata leo. Nilikuwa mama kijana pale Makoko, kando ya ziwa, nakausha dagaa na wanawake wenzangu. Kiongozi wetu alikuwa Mama Nyamisi, mjane wa mvuvi, mtu wa maneno machache.

Mwaka ule walikuja wanafunzi kutoka ng'ambo, wenye shahada tayari na bado wanaendelea kusoma. Walijitolea kuwasaidia wanawake wenye biashara. Mmoja alikwenda Bunda kwa mafundi cherehani, mwingine Butiama kwa wasaga karanga, sisi tukapewa binti aitwaye Elena. Tulianika naye kwenye chanja badala ya mchangani, akatuonyesha kufunga dagaa kwenye pakiti safi, akatutafutia mnunuzi wa Mwanza. Lori lake lilikuwa lije Ijumaa kwa mara ya kwanza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kweli tulikuwa tunapona.

Jumatano asubuhi simu ya Elena ikalia. Alisikiliza, akaiweka mfukoni, akarudi kugeuza dagaa. Mama Nyamisi akaona anawageuza wale wale aliokwisha kuwageuza, akamwuliza kuna nini. Akasema baba yake amefariki, na watamzika kabla yeye hajafika kwao. Alisema kama anayetaja habari za jirani. Hakulia.

Mama Nyamisi akanawa, akatuambia tukatandike mikeka uani kwake. Mwenzetu mmoja akauliza, kwa upole tu, msiba utakaaje bila marehemu, na lori nalo linakuja.

"Marehemu hatunaye," Mama Nyamisi akajibu, "lakini mfiwa tunaye."

Basi tukakaa msiba. Moto ukawashwa, uji ukapikwa, wanakwaya wakaja. Dagaa tukawaacha.

Kesho yake, mwanangu, nikaona wanawake wanashuka njia ya kwetu, vitenge kiunoni, unga wa muhogo na kuni vichwani. Ni wale wa Bunda, na nyuma yao wa Butiama, pamoja na wanafunzi wenzake Elena. Sisi hatukuwaita, habari ilikuwa imetembea yenyewe. Wengi wao hawakuwahi kumwona Elena, sembuse baba yake, na waliingia wanalia. Nilisimama na mwiko mkononi. Nilijiuliza ni mtu gani huyu, aliyefia mbali hivyo, anayeliliwa Makoko na watu wasiojua hata jina lake.

Walipotulia, Mama Nyamisi akamwomba Elena atueleze marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Akatafuta maneno katika Kiswahili alichookota kwetu.

"Baba alikuwaga mtu wa mikate," akasema. "Alikuwaga anaimba akioka. Sauti mbaya."

Tukacheka, naye akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Akaangukia mapajani mwa Mama Nyamisi. Tukamwacha alie hadi aliposhiba.

Ijumaa mnunuzi akafika, akakuta hakuna mtu kwenye chanja. Alipoelekezwa uani alivua kofia, akakaa na wanaume, akala ugali wetu. Akaahidi kurudi juma lililofuata, na akarudi. Alituambia watu wanaokaa msiba hivi hawezi kuogopa kufanya nao biashara.

Sasa nasikia nawe umemaliza chuo, unataka kwenda nchi za watu kusaidia. Nenda, mwanangu. Ila usiende kama mtu asiyefiwa. Mwenye kutoa tu, asiyekubali kupokea, huwafanya wenzake kuwa maskini. Wakikupa pole, ipokee; wakikuuliza habari za kwenu, wasimulie. Nasi tutakaobaki hapa, mgeni akija na elimu yake, tuchukue elimu, kisha tumwulize baba yake yu hali gani. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, naye rafiki hana ng'ambo.

Mungu akutangulie, abariki kazi ya mikono yako, na popote machozi yatakapokukuta, yasikukute peke yako.