Niliambiwa "revert" nikapanda ngazi: kisa cha bango la duka la uzi

Wakuu, habari za mihangaiko. Haya yamenikuta mwenyewe na sijatia chumvi. Ningetia, ningejiongezea akili kidogo.

Mimi ni mchora mabango hapa Kariakoo. Au nilikuwa. Tangu mabango ya kuprinti yaingie, brashi zimekauka na nimekuwa mtu wa kochi. Mke wangu ananiita "fenicha".

Kazi yangu ya kwanza baada ya form four ilikuwa duka la nyuzi na vifungo la familia moja ya Kihindi. Nilichora ukutani kidonge cha uzi mwekundu, uzi unachomoka, unajikunja mpaka unaandika jina la duka.

Baadaye wakaufunika kwa bango la kuprinti. Sikununa. (Nilinuna.)

Juzi juzi Dada Meena, mkwe wa mwenye duka, ndiye msimamizi sasa, akanitumia meseji: "Our sign is torn. Kindly revert."

Kazi ya kwanza baada ya miezi! Bango limechanika, hilo nilielewa; hilo neno la mwisho ndilo likanifanya nichomoe kamusi yangu ya shule. Revert: kurudi kwenye hali ya zamani.

Yaani wanataka uzi wangu urudi!

Kumpigia kuuliza? Ajue Kiingereza changu kiliishia geti la shule? Thubutu.

Jumapili duka limefungwa, nikapanda ngazi, nikashusha lile lililochanika.

Wakuu, uzi wangu ulikuwepo chini yake. Umefifia, lakini ile herufi ya kwanza niliyoipinda ujanani bado imepinda vilevile. Nikaushika ukuta kama namsalimia mtu.

Nikauchora upya wote. Hata lile kosa nikalirudia.

Jumatatu simu ikaita.

"Kaka, nani kakwambia uchore?"

"Wewe, dada. Umesema revert."

"Revert ni unijibu! Nilitaka bei ya kuprinti!"

Kumbe ofisini kurevert ni kujibu. Jirani yangu ustaadhi akaniongezea kuwa wapo wanaomwita revert mtu aliyesilimu. Neno moja lina kazi tatu, mimi hata moja sina.

Nikaenda dukani kuomba radhi. Dada Meena hakunikaribisha kiti. Akasema Jumamosi linawekwa bango la kuprinti, na mimi nisitarajie kuitwa tena.

Hapo hapo akaingia bi mkubwa mmoja, fundi cherehani.

"Shikamoo mama," Meena akamwamkia.

"Marahaba. Kumbe mpo! Nilijua mmehama. Mimi kusoma sijui, mwanangu, nilikuwa nafuata ule uzi. Nani kaurudisha?"

Meena akanitazama. "Huyu hapa. Hajui Kiingereza."

"Basi asijifunze," akasema yule mama, akaomba zipu sita.

Nilitoka bila kujua hukumu. Jioni meseji ikaingia: "Noted. Will revert."

Sasa atajibu, au atarudisha la kuprinti? Safari hii pia sijauliza.

Jumamosi mbili zimepita. Kila asubuhi kabla ya chai napita pale kuangalia. Uzi upo. Mke wangu anasema walau fenicha imeanza kutembea.

Nilichojifunza: uliza, hata ukionekana mshamba. Ila ningeuliza, ile herufi iliyopinda nisingeiona tena.

Wewe neno gani la Kiingereza lilikupandisha ngazi? Ni-revert-ini hapa chini, kwa maana yoyote mnayoijua.