Viti Alivyovishona Mara Mbili

Noreen Tranter hakuwa mtu wa kupenda magari. Alichotaka yeye ni nyumba isiyovuja, basi. Tangu mumewe afariki, paa lake lilikuwa likimtia adabu kila mvua iliponyesha, na Coventry mvua haihitaji mwaliko. Ndipo mdogo wake Clive, fundi injini mstaafu asiyejua kukaa bure, alipomletea habari za Ardley la zamani, gari la spoti la watu wawili, lililosahauliwa kwenye banda la mkulima mmoja kwa miaka mingi.

"Dada, wewe toa kiinua mgongo chako, mimi natoa jasho," Clive alisema huku akimalizia biskuti zake. "Tukilitengeneza tukaliuza, paa unalo."

"Na tukila hasara?"

"Hasara kwenye Ardley? Watu wanayalilia hayo!"

Noreen alitoa. Si kwa maneno ya Clive, ambaye tangu utoto maneno hayajawahi kumwishia, bali kwa sababu Ardley alilijua. Aliingia kiwandani kushona viti vya magari hayohayo angali msichana, akashona mpaka siku milango ilipofungwa na wote wakarudishwa nyumbani. Kila mshonaji alikuwa na alama yake ya uzi upande wa ndani wa ngozi, ili kazi ikiharibika msimamizi ajue wa kumfokea. Ya Noreen ilikuwa msalaba mdogo wa kijani. Basi alipovua ngozi za viti vya gari lile na kuzigeuza, akakutana na msalaba wake mwenyewe. Alicheka peke yake gerejini mpaka Clive akachungulia kuona kama dada yake bado ana akili timamu.

Ngozi zenyewe zilikuwa zimepasukapasuka, na panya walikuwa wamezifanyia harusi. Angefanya nini? Alifanya ambacho mshonaji yeyote anayeionea haya kazi mbovu angefanya: alinunua ngozi nzuri, ya rangi ileile, akashona upya. Alishona majira yote ya baridi, Clive akihangaika na breki na injini, na kwa kweli alishona vizuri kuliko alivyoshona msichana yule wa zamani, aliyekuwa akikimbizwa na kengele ya kiwanda. Kwa ndani akatia msalaba wa kijani. Ngozi kuukuu akampa jirani yake Pauline, amtandikie mbwa wake mzee aliyekuwa akiumwa viungo.

Mnunuzi alikuja kutoka London, mfanyabiashara wa magari ya kale aitwaye Ashby. Alilizunguka gari, akasikiliza injini, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Clive tayari alikuwa anatabasamu. Kisha Ashby akafungua mlango.

"Lo. Mmebadilisha viti."

"Nimevishona mimi," Noreen alisema, na sauti yake ilikuwa na majivuno kidogo.

"Ni vizuri sana, mama. Ndiyo tatizo lenyewe. Wateja wangu wanataka vilivyotoka kiwandani."

"Vya kiwandani nilivishona mimi pia. Mikono ni hiihii."

Ashby alicheka, si kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Mama, mji huu kila mtu alikuwa kiwandani. Hata aliyeniwekea mafuta asubuhi aliniambia hivyo." Akataja bei, bei isiyorudisha hata walichotumia. "Vile vya zamani vipo? Virudisheni, tutazungumza mengine kabisa."

"Vimelaliwa na mbwa!"

"Si kitu. Hata nywele za mbwa ni sehemu ya maisha ya gari."

Hebu fikiria upuuzi huo! Mtu anakaa kwenye cherehani miezi, macho yanamuuma, vidole vinamkakamaa, halafu anakuja bwana mwenye viatu vya ngozi laini ya suedi kumwambia kwamba kazi yake imepunguza thamani, na usingizi wa mbwa umeiongeza. Na waliokuwa na fedha nchi ile walikuwa wanafikiri hivyohivyo wote. Noreen alimwambia Clive kwamba heri gari lioze palepale.

Lakini wiki ileile dari ya chumba cha kulala ikaporomoka juu ya kitanda chake. Akaenda kwa Pauline. Mbwa alinguruma, naye Noreen akamngurumia vilevile, akachukua ngozi zake. Kisha akavivua viti vyake vipya kwa mkono wake mwenyewe, akavivisha yale matambara. Kazi hiyo aliifanya akilia kwa hasira, Clive akimshikia taa.

Ashby aliporudi alivuta harufu ya ndani ya gari kama mtu aliyefunguliwa chungu cha pilau. Bei aliyotaja safari hii ilirudisha gharama zote na kulipia paa la nyumba, isipokuwa upande wa jikoni. Wakapeana mikono. Ndipo alipopitisha vidole chini ya ukingo wa ngozi, akaukunjua.

"Huu msalaba wa kijani ni wa nini?"

"Alama ya dada!" Clive alidakia. "Si alikwambia?"

Ashby alitoa macho, kisha akatoa simu. "Mama! Kumbe ni kweli! Hebu shika kiti nikupige picha. Mshonaji wa kiwandani, yu hai, na alama yake! Gari hili litapanda bei maradufu. Nitakuongezea pauni elfu mbili hapahapa."

"Paa la jikoni hilo, dada!" Clive alinong'ona kwa sauti ya kusikika barabarani.

Noreen alikunja mikono kifuani. "Aliyevishona simjui."

"Lakini siku ile ulisema..."

"Siku ile nilisema, ukanicheka. Mikono haijabadilika, Bwana Ashby. Ila leo umeona itakuingizia pesa, ndiyo maana imekuwa ya kiwandani. Unataka picha? Nipige na vile vipya."

"Vile vipya havina maana kwa mteja, mama."

"Basi na mimi sina."

Ashby aliongeza dau, akabembeleza, akamvika kilemba cha ukoka mpaka akachoka, kisha akaondoka na gari lake bila picha. Clive alibaki ameshika kichwa.

"Elfu mbili, dada! Kwa kukaa tu mbele ya simu! Sasa paa la jikoni si litaendelea kuvuja?"

"Livuje," Noreen alisema, akaingia ndani kutafuta ndoo.