Baruti Iliyoungua Nusu

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya tisini ikianza, Fundi Mkuu wa klabu ya kulenga shabaha alinikabidhi shuka nyeupe kuukuu. "Kata vitambaa," akasema. "Hapa tunasoma mtutu, hatusomi gazeti." Nami nilikuwa nimetoka mtaani kwetu Lindi, jirani na Soko la Toi, kwa miguu nikidhani nitapewa bunduki. Ala! Nilikata mpaka vidole vikafa ganzi.

Baadaye nilielewa. Wanachama walipenda risasi za kujazwa kwa mkono: ganda lililokwisha kutumika linawekewa kiwashio kipya, baruti na kichwa cha risasi. Baruti ikiungua vizuri, kitambaa kikipitishwa mtutuni hutoka na ukijivu kidogo tu. Ikiungua vibaya, hutoka na masizi, na chembe za njano ambazo moto haukuzimaliza. Shuka nilikuwa nikizitoa kwenye mitumba ya Soko la Toi, na ole wako ulete ya maua.

Mjazaji wetu alikuwa Baba Nafula wa Kawangware, Mluhya mwenzangu. Milio ya bunduki ilikuwa imemla masikio. Fundi Mkuu alikuwa na sheria mbili: aliyejaza ndiye hufyatua wa kwanza, na mwenye bunduki mkononi haguswi. Ukimgusa, kazi imeisha.

Msimu mmoja wa baridi ikaja baruti mpya. Risasi za kwanza zilileta kitambaa cheusi, chembe tele. Fundi Mkuu akaikataa. Meneja wa klabu akasema, "Masizi yanafutika. Wageni wanakuja Jumamosi. Jaribuni tena."

Baba Nafula akalala kifudifudi, akafyatua. Badala ya paa! nikasikia pu, kama soda ikifunguliwa. Yeye hakusikia kitu, akaingiza risasi nyingine.

"Baba Nafula, wacha!" Wapi! Nikamrukia, nikamvuta bega, bunduki ikamtoka mikononi.

Fundi Mkuu alikuja mbio na matusi yote ya kwao. Akaitoa ile risasi, akasukuma ufito wa kusafishia mtutuni. Ukakwama katikati. Kichwa cha risasi ya kwanza kilikuwa bado humo. Ya pili ingempasulia chuma usoni, imtoe macho. Fundi Mkuu akaketi kwenye nyasi. "Umemgusa," akaniambia. "Kesho uje kazini."

Sasa nimestaafu. Vijana wa ploti ninakopanga chumba huniambia, "Niaje mzee, tupe stori za mabunduki." Wee! Zangu ni stori za vitambaa. Na yule Meneja, haki ya Mungu, bado ananiudhi.

Juzi Nafula aliolewa, kanisani huko Kawangware. Baba yake alikaa benchi la mbele yangu. Binti alipoingia na shela lake, mzee aligeuka, akanishika bega, akalikaza mpaka likaniuma.

"Namwona," akasema, kwa ile sauti yake kubwa ya kiziwi, na kanisa zima likageuka kututazama.