Tembe Nilizomwaga Chooni

Mimi darasa la tatu lilinishinda, lakini uliza Eldoret nzima nani anajua injini ya dizeli, utaletwa kwangu. Nilianza kwa kuosha vyuma vya injini za watu. Nikanunua mashine moja ya kusaga posho, zikawa tatu, nikajenga nyumba mtaa wa West Indies. Hakuna aliyenisaidia.

Mke wangu alipougua, homa ilimpanda kila jioni na viungo vikavimba hata kikombe kikamshinda kushika. Nikampeleka hospitali ya misheni kule Plateau. Daktari akampima damu mara mbili.

"Hakuna mdudu, mzee," akaniambia. "Kuna askari ambao mtu anazaliwa nao. Adui akiingia, wao ndio huwasha moto na kuvimbisha mahali. Halafu mwili wenyewe huwaambia basi, inatosha. Wa mama hawasikii hiyo amri. Wanapigana na mtu hayuko."

"Ni injini imekosa gavana," nikasema. "Hakuna cha kuishikilia mwendo. Itakimbia mpaka ijivunje."

Akacheka. "Wewe ungekuwa daktari!"

Hayo maneno niliyatangaza soko zima.

Akampa tembe za kuwatuliza hao askari, akaonya: asiache ghafla, hata akipata nafuu. Akasema pia zitamjaza uso.

Homa ikaisha. Mashavu ya mke wangu yakawa duara. Wanawake wakamtania, "Mama, huyo mzee anakulisha nini? Atuletee na sisi!" Nikatembea kifua mbele. Nilijua ni tembe, lakini nikajiambia ni maziwa yangu na nyama yangu.

Kisha jirani mmoja akaniuliza mbele ya wateja, "Mzee, mtu amenona hivi na bado anakula dawa? Kwani unaficha ugonjwa gani?" Watu wakacheka. Nikaenda nyumbani moja kwa moja.

"Kwangu hakuna mgonjwa," nikamwambia mke wangu. "Leta hizo tembe."

"Daktari alisema nisiache, Baba."

"Daktari ni mimi."

Akanipa. Nikazimwaga chooni.

Siku ya tatu hakuweza kuinuka. Alitapika, homa ikarudi na hasira ambayo sikuwa nimeiona. Nikamlaza kwenye kiti cha pikapu tukashika njia ya Plateau.

"Mama yangu akiuliza," akasema, "mwambie nilisahau kumeza."

"Nyamaza, utapona."

"Mwambie hivyo."

Daktari alimpigania siku mbili, akashindwa.

Mama mkwe alikuja mazishini kutoka Ainabkoi. Akaniuliza mbele ya watu wote, nami nikamjibu vile nilivyoagizwa. Akagonganisha viganja, akainamia kaburi. "Mtoto wangu, hata dawa? Ungesahau hata dawa?"

Mke wangu hakuwa anasahau kitu, hata siku za kuzaliwa za watoto wa jirani. Nilisimama pale na suti yangu mpya, nikamwacha mama yake amgombeze.