Chupa ya Chai Ndani ya Buti

Nianze na vyeo, maana hapo ndipo dunia ilipogeuzwa juu chini. Mimi nina miaka sitini na saba, magoti yananilia kama bawaba zisizotiwa mafuta, na nusu ya meno yangu nimeshayazika. Yule kijana alikuwa na miaka ishirini na chunusi tatu kwenye paji la uso. Kibao cheusi kifuani mwake kilisema yeye ni Mzee. Mimi, akaniita Ndugu. Nikasema haya, kuishi kwingi kuona mengi.

Walikuwa wawili, wamisionari wa Kimormoni kutoka ng'ambo, mashati meupe, tai, mabegi mgongoni. Yule wa chunusi alikuwa mrefu kiasi kwamba akiingia kwenye kibanda changu huinama kama anayesalimia wakwe. Nikampa jina la Ngazi. Mwenzake alikuwa mfupi, mnene, na maneno yake ya wiki nzima yangeenea kwenye kiberiti, basi huyo akawa Kizibo. Sheria yao ni kwamba hawaachani. Popote walipo, mmoja lazima amwone mwenzake au amsikie. Siku Kizibo alipoharibikiwa na tumbo, Ngazi alisimama nje ya choo changu karibu saa nzima akimsemesha kupitia mlango. Nimekaa kwenye ndoa miaka thelathini na minane, na marehemu mke wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kunipenda kiasi hicho.

Kazi yangu ni fundi viatu, na kiatu hakidanganyi. Mwenye nacho anaweza kukueleza anavyotaka, lakini geuza soli utajua anakopita. Kisigino cha kulia cha Ngazi kilikuwa kimelika upande mmoja, kwa sababu kila baada ya hatua chache alisimama akageuka kumngoja Kizibo. Waliamka saa kumi na mbili na nusu, wakasali, wakasoma, na saa nne wakawa barabarani wakipiga hodi. Mlango wa kwanza ulifunguliwa na mbwa. Wa pili, mwenye nyumba alijibu kwa sauti yake mwenyewe kwamba hayupo. Wa tatu walikaribishwa vizuri sana, wakaombwa wasaidie kuhamisha kabati, kisha wakaagwa. Jumatatu walifua, wakanunua mahitaji, wakawapigia simu mama zao. Jumanne wakarudi kwa mbwa.

Kwangu hawakufukuzwa. Msinisifu bure, sikuwa na kiu ya neno la Mungu. Tangu mke wangu afariki na binti yangu aolewe mbali, benchi la kibandani lilikuwa likikaliwa na viatu tu. Hawa vijana walikuja, wakakaa, wakaniuliza nimeamkaje, halafu wakasubiri jibu. Nani siku hizi anasubiri jibu? Kwa hiyo nilikubali kufundishwa. Tena Ngazi na Kizibo hawakuwa wa kwanza. Jozi nne zilitangulia, na kila jozi ilipohamishwa ilikuja nyingine ikaanza upya somo la kwanza, nami nikashangaa upya kama mtu aliyetoka kuzaliwa. Kwa miaka mitatu nilikuwa mwanafunzi bora wa darasa la kwanza.

Tatizo lilikuwa chai. Dini yao haitaki pombe, tumbaku, kahawa, wala chai. Pombe siijui, tumbaku niliiacha kwa amri ya mke wangu. Lakini chai? Chai ndiyo inayonitoa kitandani. Nikamwambia Ngazi kwamba nimeacha kabisa, nikamtazama usoni nikisema hivyo. Chupa yangu nikaificha ndani ya buti la mvua, kwenye rafu ya viatu ambavyo wenyewe wamevisahau. Nikiwaona wanakuja kutoka mbali, nagugumia kikombe kwa haraka, naunguza ulimi, nafunga chupa, naitumbukiza kwenye buti. Mtu mzima, kwenye kibanda changu mwenyewe, najificha kwa watoto.

Ngazi alihamishiwa kwetu ikiwa imebaki miezi mitano amalize miaka yake miwili ya utume. Ulipobaki mwezi mmoja, akaanza kunyamaza. Siku moja Kizibo alikuwa amesinzia benchini, nikamuuliza ana nini. Akanieleza kwamba babu yake alifanya utume huu akabatiza watu wengi, baba yake vivyo hivyo, kaka yake akabatiza watu saba. Yeye, miezi ishirini na tatu, hajabatiza hata mmoja.

"Kwetu kila mwanamume amerudi na mtu, Ndugu," akasema. "Mimi nitarudi na viatu vilivyochakaa."

Huruma ni ugonjwa mbaya, haukupi nafasi ya kufikiri. Nikamwambia basi anibatize mimi. Akainuka kwa furaha akajigonga kichwa kwenye boriti, akakaa, akainuka tena akajigonga tena. Ikapangwa Jumamosi.

Nikaletewa nguo nyeupe za kuingilia majini, suruali ikaishia kwenye muundi. Kisha akaja mkubwa wao kunisaili. Mkubwa mwenyewe ana miaka ishirini na moja, ndevu anazisubiri. Akauliza kama naamini hiki, kama naamini kile. Nikamjibu yote, mengine kabla hajamaliza kuuliza. Jozi tano zilinifundisha, mlitaka nifeli? Akauliza kuhusu chai. Nikasema chai ni mambo ya zamani. Akanipa mkono, akasema hajawahi kukutana na mtu aliyejiandaa kama mimi, na hapo hakukosea.

Alhamisi Ngazi alikuja kuchukua viatu vyake. Nilikuwa nimemwekea soli mpya ya safari, maana Jumanne angepanda ndege. Kizibo alibaki mlangoni, akitazama barabara. Ngazi akavipokea viatu, akanishukuru, akaketi. Halafu akanyoosha ule mkono wake mrefu hadi kwenye rafu, akaingiza ndani ya buti la mvua, akatoa chupa. Akatafuta kikombe, akakipata pale ninapokificha, nyuma ya kopo la gundi. Akanimiminia hadi juu.

"Kunywa, Ndugu," akasema. "Leo usiungue."

Niliona haya ambayo sijawahi kuiona tangu niwe na akili zangu. Nikamuuliza amejua lini. Akasema wiki ya kwanza, kwamba kibanda kizima kinanuka gundi na chai, na kwamba yeye hanywi chai lakini pua anayo. Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kuja, kwa nini akapanga Jumamosi.

"Siku nzima nafungiwa milango," akasema. "Na mimi nilihitaji mahali pa kukaa."

Nikamwambia hilo halina neno, mimi niko tayari kuloa kwa ajili yake, maji hayajawahi kumuua mtu wa umri wangu. Akatikisa kichwa. Akasema kuloa nitaloa, lakini yeye atarudi kwa baba yake amebeba uongo wa watu wawili, na mzigo huo hautaki. Akatoa simu, akampigia mkubwa wao mbele yangu. Akamwambia Jumamosi haitakuwepo, kosa ni lake, aliniharakisha kabla sijawa tayari. Chai hakuitaja. Nilimsikia mkubwa akisema mengi, na Ngazi akiitikia ndiyo, ndiyo, kichwa amekiinamisha. Kisha akanikumbatia, akaondoka kwenda kukutana na ukoo wake mikono mitupu. Nililia, na wala sikusingizia gundi.

Wiki iliyofuata Kizibo akaja na mwenzake mpya, kijana wa miwani, kibao kifuani bado kinang'aa. Yule mpya akafungua kitabu, somo la kwanza. Sikushangaa safari hii. Nikatoa chupa kwenye buti, nikaiweka juu ya meza ya kazi, nikamwambia ukweli wote: nakunywa chai, nitaendelea kunywa, na masomo haya ningeweza kumfundisha yeye. Kijana wa miwani akafunga kitabu. Akanishukuru kwa adabu sana, kama wanavyofunzwa, akashika njia. Nikasema moyoni, haya, benchi hilo linarudi kwa viatu.

Lakini Kizibo hakutoka. Akakaa. Mwenzake alishafika barabarani. Akageuka, akamtazama, akatazama saa, akangoja. Sheria ni sheria. Mwishowe akarudi, akainama, naye akakaa. Hapo Kizibo akavua kiatu cha kushoto akanipa.

"Soli," akasema.

Nikakigeuza. Soli ilikuwa nzima kabisa. Nikachukua nyundo nikaanza kuitengeneza, polepole.